Jirani anapoomba njia katikati ya shamba lako

Ukitoka Mapinga ukapita Kerege na Zinga hadi Kiromo, utaona jinsi mashamba ya Bagamoyo yalivyokatwakatwa. Shamba la minazi na mikorosho lililokuwa la mzee mmoja leo lina wenyewe kadhaa. Wengine ni warithi waliogawana, wengine ni wageni kutoka Dar es Salaam waliouziwa kipande kupitia dalali. Kinachosahaulika karibu kila mara ni njia. Aliyepata kipande cha mbele ana barabara, aliyepata cha nyuma amezungukwa na mashamba ya watu pande zote. Jioni moja atapiga hodi kwako: "Shikamoo mzee. Mimi ndiye niliyenunua lile shamba la nyuma. Nimekuja kukuomba njia."

Wengi wetu hujibu papo hapo. Ustaarabu wa Pwani haumruhusu mtu kumnyima mwenzake pa kupita, na dini nayo imesisitiza: tumefundishwa kwamba Jibrili alimuusia Mtume kuhusu jirani mpaka Mtume akadhani jirani atafanywa mrithi. Basi mwenye shamba anasema, "Pita tu mwanangu, njia haina mwenyewe." Nia ni njema kabisa. Lakini hajauliza anachoombwa ni kitu gani, na huyo aliyeomba naye pengine hajui. Miaka ikipita, mmoja atashikilia kwamba alitoa ruhusa, mwingine atashikilia kwamba alipewa haki, na wote wawili watakuwa wanasema kweli kwa jinsi wanavyokumbuka.

Ninaamini jirani aliyefungiwa apewe pa kupita. Shamba lisilofikika halilimiki, na mtu aliyelipa fedha zake akakosa hata pa kupitisha mkokoteni atatafuta njia kwa amani au kwa vurugu. Ila kabla ya kusema ndiyo kuna jambo moja la kuamua, na mengine yote hutegemea hilo: je, njia hiyo unampa mtu, au unalipatia shamba lake?

Kumpa mtu, kulipatia shamba

Ukimpa mtu, umetoa ruhusa ya hisani. Anapita yeye, watu wa nyumbani kwake, vibarua na wageni wake. Ruhusa hiyo haiko kwenye shamba lake, iko kwake. Akiuza, mnunuzi aje aombe upya. Akifariki, warithi waje mzungumze. Ukiona mambo yameharibika unaweza kuisitisha, ingawa uungwana unataka umpe muda wa kutosha wa kutafuta pengine, kwa mfano avune kwanza.

Ukilipatia shamba lake haki ya njia, umefanya jambo zito zaidi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaitambua haki ya namna hii, ambayo kwayo ardhi moja hubeba mzigo kwa faida ya ardhi nyingine. Hapo majina ya watu hayana uzito tena. Wewe ukiuza, mnunuzi wako anaukuta mzigo. Yeye akiuza, mnunuzi wake anaikuta haki. Inaweza kuwa ya kudumu, inaweza kuwa ya muda maalumu, na kwa ardhi iliyopimwa yenye hati mahali pake ni kwenye rejista ya Msajili wa Hati, si kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya godoro. Ukishaitoa huwezi kuamka asubuhi ukasema nimeghairi.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza watu. Mzee anafikiri amempa kijana mpole aliyekuja na shikamoo. Miaka mitano baadaye kijana ameuza kwa mtu anayefyatua matofali, na malori ya mchanga yanapita katikati ya minazi usiku na mchana. Huyo mfyatua matofali akiulizwa anajibu kwamba alinunua shamba pamoja na njia yake. Kama hakuna maandishi, nani atamkatalia?

Ipo na namna ya tatu, ya kukata ukanda na kumuuzia au kumgawia kabisa. Wengine huipenda kwa sababu inamaliza maneno. Mimi huwashauri watu waiache hadi mwisho, kwa sababu ukiuza ukanda unaokata shamba katikati unabaki na vipande viwili, na siku moja wewe ndiwe utakayeomba ruhusa ya kuvuka kwenda kwenye mikorosho yako. Kama ni lazima, ukanda upite pembezoni, mpakani.

Ya nne si ya jirani peke yake. Ni njia ya watu wote. Ikiwa serikali ya kijiji inataka barabara ya kitongoji ipite kwako, hapo hujadiliani na mtu mmoja. Jambo hilo linataka vikao, na ardhi ikichukuliwa kuna fidia. Utasikia wengine wakikutisha kwamba ardhi yote ni ya serikali, kwa hiyo huna la kusema. Ni kweli kwamba ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Lakini haki yako ya kuimiliki na kuitumia ina thamani inayolindwa na sheria, na sheria hiyohiyo inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Jirani hawezi kuivaa kanzu ya serikali ili apite bure.

Njia uliyoikuta

Kabla hujaanza kujiona mtoaji, hakikisha kwamba njia hiyo ni yako kuitoa. Mashamba yetu mengi yamepitiwa na vijia vya zamani: cha kwenda kisimani, cha msikitini, cha wavuvi kushukia pwani, cha kukatiza kwenda mtoni. Vijia hivyo vilikuwepo kabla ya hati, na watu wa kitongoji hawaombi kupita humo, wanapita. Anayenunua shamba kisha akafunga kijia cha namna hiyo kwa seng'enge atakuta kitongoji kizima mlangoni kwake, na mwenyekiti akiwa mbele.

La makaburi linahitaji moyo zaidi. Pwani tumezika mashambani kwa vizazi vingi. Mtu anauza shamba, makaburi ya babu na bibi yamo ndani, na hakuna aliyeandika lolote. Mnunuzi anajenga ukuta. Ikifika siku familia inataka kwenda kuzuru, kufyeka na kusoma dua, wanakuta geti na kofuli. Nimesikia ugomvi wa ardhi wa kila aina, lakini sijasikia unaoumiza kama wa mtu kuzuiwa kwenda kwenye kaburi la mama yake. Kama unanunua, uliza makaburi yako wapi na njia yake ni ipi, iandikwe kwenye mkataba wa mauzo. Kama unauza, usione haya kulitaja.

Katika vijiji vinavyofanya uhakiki wa mipaka ili wananchi wapewe hati za hakimiliki za kimila, kamati ya uhakiki ya kijiji ina mamlaka ya kutenga njia za watu wote na haki za kupita pale inapoona zinahitajika. Hiyo ni nafasi ambayo haiji mara mbili. Timu ikipita kupima na wewe hupo, mstari utachorwa juu ya kijia cha miaka yote na kwenye ramani hakitaonekana tena. Siku hiyo acha safari, kaa shambani, onyesha njia.

Shamba linavyopimwa kwa miguu

Sasa tuseme umeamua kumpa. Usimpe ukiwa umekaa kibarazani. Twendeni shambani, wewe, yeye, na jirani mwingine anayepakana nanyi, tena asubuhi kabla ya jua kali.

Ekari moja, ile tunayoipima kwa hatua 70 kwa 70, ni kama mita za mraba 4,000. Njia ya lori linalobeba tofali inataka mita 4, kwa sababu lori lenyewe lina upana wa kama mita mbili na nusu na dereva anahitaji nafasi ya kuyumba kwenye mchanga. Mita 4 kuvuka ekari moja kutoka upande hadi upande, urefu wa mita 64 hivi, ni mita za mraba 256. Ni asilimia 6 ya ekari. Si kidogo, na si kubwa kama hofu inavyoikuza. Njia ya miguu na pikipiki ya mita moja na nusu inachukua chini ya asilimia 3.

Lakini eneo si hesabu yote. Angalia kilichopandwa. Minazi iliyopandwa vizuri huachiana kama mita 9. Ukanda wa mita 4 ukipita katikati ya mistari miwili unaacha mita mbili na nusu kila upande hadi kwenye shina, wala hukati mnazi hata mmoja. Ukipita mshazari, yaani kwa njia ya mkato anayoitaka kila mpita njia, utakata minazi na kuharibu mizizi ya inayobaki, maana ardhi ikigandamizwa na magurudumu maji hayashuki. Kwenye mananasi hakuna nafasi ya namna hiyo; kila hatua ni mche uliokanyagwa, kwa hiyo huko njia ifuate mpaka hata kama inazunguka. Na kwenye minazi mkumbuke nazi zinazoanguka: njia ikipita chini ya makuti yenyewe, kubalianeni nani atawajibika kuangua kwa wakati.

Chomekeni vigingi, vuteni kamba, kisha tembeeni humo wote watatu. Mtagundua mengi ambayo hayaonekani kwa mdomo. Pale kwenye mteremko, wakati wa masika, njia itageuka mfereji na kuondoka na udongo wako wa juu. Ipindishwe kidogo ikate mteremko, na yeye achimbe makinga maji. Pale karibu na zizi, mbwa wako watasumbua wageni wake. Pale kwenye muhogo, mbuzi wake hawatapita bila kula. Yasemwe hapohapo mkiwa mmesimama mahali penyewe.

Muulize pia atapitisha nini. Miguu na baiskeli? Bodaboda? Kirikuu? Lori wakati wa kujenga tu, kisha basi? Ng'ombe? Bomba la maji na nguzo za umeme? Kila kimoja ni ombi lake. Ruhusa ya miguu haibebi bomba, na wengi hugombana hapo: alipewa pa kupita, akaja na mafundi kuchimba mtaro. Kama bomba unalikubali, sema lipite kina gani na upande upi, na nani atafukia.

Karatasi

Huku kwetu kumwambia jirani muandikishane kunaweza kuonekana kama kumshuku. Mwambie wazi kwamba mnaandika kwa ajili ya watoto, wake na wako, ambao hawakuwepo mlipoelewana. Mtu mwenye nia njema ataelewa. Anayekasirika kwa kuambiwa aandike, mimi ningemtazama mara mbili.

Maandishi ya ruhusa ya hisani yanaweza kuwa mafupi na ya Kiswahili cha kawaida:

"Mimi, mwenye shamba la mbele, nimemruhusu jirani yangu mwenye shamba la nyuma apite kwa miguu, baiskeli na pikipiki kwenye ukanda wa mita 2 ulio kando ya mpaka wa kaskazini, kuanzia barabarani hadi kwenye mnyaa wa kona. Ruhusa hii ni yake, watu wa nyumbani kwake na wageni wake. Haiuzwi wala hairithiwi. Atafyeka na kutengeneza njia kwa gharama yake. Nikitaka kuisitisha nitamwarifu kwa maandishi miezi 6 kabla."

Chini yake majina kamili, saini au dole gumba, mashahidi wawili wa kila upande, tarehe, na mchoro mdogo wa mkono. Mwenzi wako naye asaini, kwa sababu shamba la familia halina mwenye kauli mmoja. Ikiwa shamba ni la urithi ambao haujagawanywa, wewe peke yako huna uwezo wa kutoa haki ya kudumu hata ukitaka, maana kaka na dada zako nao ni wenyewe. Pelekeni nakala ofisi ya kijiji kwa mtendaji, na mwenyekiti wa kitongoji ajue.

Sentensi ya "haiuzwi wala hairithiwi" si ya mapambo. Watu wengi husema kwa kujiamini kwamba ukipita kwa miaka 12 njia inakuwa yako. Hadithi hiyo imetokana na Sheria ya Ukomo, inayoweka miaka 12 kuwa mwisho wa kudai ardhi mahakamani. Lakini mahakama zetu zimeshikilia kwamba aliyekaribishwa hawezi kumpokonya mwenyeji wake ati kwa sababu amekaa sana. Kwa hiyo karatasi inayoonyesha kwamba alipita kwa ruhusa yako ndiyo kinga yako. Asiye na karatasi, ambaye pia hakuwahi kusema lolote, ndiye anayepata shida ya kuthibitisha kwamba kulikuwa na ruhusa.

Kama mmeamua njia iwe ya shamba, hapo usitegemee karatasi ya nyumbani. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, aonyeshe ukanda kwenye ramani kwa vipimo kutoka kwenye bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji. Mwembe hukatwa, mnyaa huota upande mwingine, na simu ya mkononi hukosea mahali kwa mita kadhaa wakati njia yenyewe ni mita 4. Mtafuteni wakili aandike mkataba, na gharama abebe anayepata faida. Kwa ardhi ya kijiji anzeni na halmashauri ya kijiji.

Malipo je? Hakuna aibu kuyataja. Kwa ruhusa ya miguu, wengi huku huridhika na jirani kutunza njia na kusaidiana kazi, na hilo ni zuri. Kwa njia ya gari au haki ya kudumu, ni sawa kulipwa ardhi unayoipoteza na mimea inayong'olewa. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya ina viwango vya thamani ya mazao vinavyotumika kwenye fidia. Vinaweza kuwa mahali pa kuanzia mazungumzo, ili msibishane bei ya mnazi kama mko mnadani. Usichukue fedha bila kuandika zimelipia nini. Risiti inayosema tu "malipo ya njia" itasomwa siku moja kuwa uliuza.

Mkishindwa kuelewana

Usianze na seng'enge, wala kuchimba mtaro kukata njia, wala kumwaga miba. Nayasema haya kwa mwenye haki pia. Mtu aliyezoea kupita, akifungiwa ghafla, shauri linahama kutoka kwenye ardhi na kwenda polisi, na huko hakuna anayetazama mipaka.

Ngazi ya kwanza ni watu wanaowajua wote wawili: mwenyekiti wa kitongoji, shehe au mchungaji, wazee. Kwenye ardhi ya kijiji lipo baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Halifungi mtu wala halitoi amri, lakini wajumbe wake wanalijua shamba lenu tangu lilipokuwa pori, na kwa mgogoro wa njia ujuzi huo hushinda vitabu.

Hatua inayofuata ni baraza la kata, na hapa mambo yamebadilika tangu 2021. Zamani baraza la kata liliweza kusikiliza shauri la ardhi na kutoa hukumu. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliliondolea uwezo huo, sasa linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa, na kwa hati hiyo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye uwezo wa kuamua. Siku 30 zikipita tangu ulipopeleka shauri na kata haijalimaliza, unaweza kwenda wilayani hata bila hati. Ni muhimu kujua hili kwa sababu bado kuna watu wanaotembea na karatasi za "hukumu" za kata wakidhani wameshinda. Asiyeridhika na uamuzi wa wilaya anakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.

Kokote utakakofika, jiandae kuulizwa mambo yaleyale. Je, lipo shamba jingine ambalo njia ingepita kwa hasara ndogo zaidi? Nani aliyeligawa shamba la awali, na alipogawa alimwachia wa nyuma pa kupita? Swali hilo la pili mara nyingi ndilo lenye jibu. Ikiwa aliyemuuzia kipande cha nyuma bado anamiliki kipande cha mbele, basi yeye ndiye wa kwanza kudaiwa njia, si wewe uliye pembeni ambaye hukuuza wala hukununua. Mwambie jirani yako hivyo, kwa upole, kisha umsindikize kwa huyo muuzaji. Wengi hawajui kwamba wana pa kuanzia.

Na wewe unayenunua shamba la nyuma kwa sababu bei yake ni nzuri: bei ni nzuri kwa sababu ya njia. Kabla ya kulipa, tembea kutoka barabarani hadi mpakani ukiuliza kila shamba unalokanyaga ni la nani. Nenda kwa kila mmoja wao na muuzaji akiwepo, wakueleze wenyewe. "Njia ipo, wote tunapita hapo" ya dalali si jibu. Kama mwenye shamba la katikati hataki kuandika, punguza bei kwa kiasi cha kununua ukanda, au tafuta shamba jingine.